Kura ya Asiye na Jina

Katika tramu ya mji wa Tampere, Aune aliwasikia vijana wawili waliosimama mlangoni wakibishana kuhusu kamusi elezo ya mtandaoni, ile aliyozoea kuihariri bila kujisajili.

"Ukurasa wa bwawa la Suolampi unafutwa leo," alisema mwenye kofia, kwa sauti ya hakimu. "Kura ya kuutetea ya yule asiye na jina, asiyejisajili, nimeikata kwa mstari. Kuchangia mjadala ruksa, kura hana."

"Acha roho mbaya, bwana! Ukurasa wenyewe kauandika yeye."

"Basi ajitaje. Kwani yeye ni nani?"

Aune akafungua mdomo. Bwawani pale alikuwa akitazama ndege na marehemu mumewe, na tangu mazishi hakuna aliyeuliza swali hilo. Tramu ikasimama kwenye kituo chake.

"Pita, mama," alisema mwenye kofia, akimpisha kwa adabu.

"Asante," akajibu Aune. Siku nzima hakuwa amesema neno jingine.