Povu Jeupe

Wavinya alikuwa amefumba macho ndani ya treni ya Dandora, lakini masikio hayana kope. Mbele yake kijana mwenye gitaa, Kyule, alikuwa akimweleza masaibu yake mzee mmoja Msomali aliyekutana naye papo hapo.

"Huo wimbo niliutunga baba alipokufa," Kyule alisema. "Baadaye nikauza muziki wake mtupu, bila maneno, kwa kampuni ya matangazo. Kazi za matangazo ndizo hunilipia studio nirekodi nyimbo zangu. Wao wakautia kwa tangazo la sabuni."

"Si uliuza mwenyewe?" mzee aliuliza.

"Niliuza, mzee. Sasa Jumamosi tulikuwa tunaweka msalaba kaburini. Kupiga gitaa tu, watoto wakaanza: povu, povu jeupe! Mama naye akacheka."

"Basi mtungie baba wimbo mwingine."

"Nikiwa na huzuni gani, mzee? Ile niliyokuwa nayo ndiyo niliuza."

Mzee alifungua kinywa ajibu, treni ikasimama. Wavinya alishuka akimhurumia mtoto wa watu. Alikuwa ameshapita dirisha lao alipojisikia akiimba kwa sauti, povu, povu jeupe, na Kyule anamtazama.