Mzee Plasta na Majina Aliyoyafunika

Mzee Plasta, fundi wa maabara inayopima mbegu za kiume, anastaafu Ijumaa tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuhesabu. Karani wa mapokezi alitaka kuuandika wasifu huu yeye, kwa maneno laini. Nimemkatalia. Chumba cha Mzee nimekifagia mimi miaka kumi na tisa, na miaka kumi na minane kati ya hiyo nilikuwa namshuku. Nani anamjua kuliko mimi?

Wasioijua kazi yake na waijue leo. Mwanamume huleta kikombe chake. Mzee hupaka tone juu ya kioo, hulitia rangi, kisha huinamia hadubini na kuhesabu mbegu mia mbili, mojamoja: zilizoumbika sawasawa huku, zilizo kombo kule. Huchukua kioo cha pili, akahesabu mia mbili nyingine. Hesabu zikipishana sana, huanza upya. Siku moja ufagio wangu ulikigonga kiti chake naye yuko mia moja themanini na saba. Alivuta pumzi, akaanza tena moja. Nikasema moyoni, huyu ana kiburi.

Jina lake la utani lilitokana na plasta. Kila kikombe kinapofika, karani, kwa agizo la Mzee, hubandika kipande cha plasta juu ya jina na kuandika namba. Mzee haibandui mpaka amalize kuandika majibu. Mimi sikusoma sana, lakini najua kwamba mtu anayefunika jina ana la kuficha. Nikamkodolea macho. Nilichungulia mpaka pipa lake la taka. Sikupata kitu, na hilo likanitia shaka zaidi, maana taka safi namna ile si ya mtu mwema.

Wengine mtamsifu kwa mafundi tisa aliowafunza. Mimi namkumbuka yule bwana wa suti aliyerudi na karatasi yake akiomba aongezewe mbegu nzuri tano tu, kwa sababu harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee alimjibu kwamba mbegu haziongezwi kwa kalamu, akamfungulia mlango kwa adabu. Hata hapo nilidhani bwana amekuja na mkono mtupu.

Sasa nafika penye aibu yangu. Mwanangu ameniruhusu niandike. Amesema andika, Mama, wanaume wasome. Alikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, nami nilikuwa nimekwisha hukumu. Mkaza mwanangu, fundi cherehani, alipimwa akaonekana mzima. Nikasema vipimo vinadanganya. Sanduku lake nililishusha mwenyewe juu ya kabati nikaliweka mlangoni, arudi kwao. Akaniambia tu kwamba yeye ataondoka baada ya mumewe naye kupimwa.

Mwanangu akapimwa. Karatasi ikasema katika mbegu mia, zilizoumbika vizuri ni mbili. Daktari alitaka angalau nne. Nikawaka, kwa sababu wiki ile ile nilimwona kwa macho yangu mkaza mwanangu akimpa Mzee kifurushi kwenye ujia. Nikajua wamekula njama! Nilimwendea Mzee nikamtaka aseme. Alinijibu kwamba majibu ya mtu ni ya mtu, hata mama yake hapewi. Kumbe kifurushi kilikuwa koti lake jeupe la kazi, lililotiwa vifungo. Nilikataa kuamini vifungo.

Basi nikatega. Baada ya wiki tatu nilimrudisha mwanangu kwa jina la mjomba wake. Nikasubiri mbegu zipone ghafla, nimshike mwongo. Majibu yakaja: tatu katika mia. Nikapiga meza nikisema zimepishana! Mzee aliposikia nilichofanya, hakufoka. Alisema tofauti ya moja ni ya kawaida. Akanikumbusha plasta: mara zote mbili hakujua anamhesabia nani, kwa hiyo hata angetaka kumpendelea mtu angeanzia wapi? Nilikaa chini. Kitu nilichokishuku miaka kumi na minane ndicho kilichonifunga mdomo.

Akaniwekea kioo cha kufundishia, kisicho na mwenyewe, nikachungulia. Nzuri ina kichwa kama yai na mkia mmoja mrefu. Nyingine kichwa chembamba kama sindano, nyingine mkia umejikunja kama waya wa pasi, nyingine vichwa viwili. Nikauliza kama mjukuu naye atazaliwa na viwili. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Alisema umbo la mbegu si umbo la mtoto. Ubaya wake ni kwamba mbegu kombo hupata shida kufika na kuingia kwenye yai. Tena mwenye chache nzuri bado aweza kuzaa, ila njia yaweza kuwa ndefu.

Daktari aliikuta mishipa imevimba kwenye korodani za mwanangu, akafanyiwa upasuaji mdogo. Mtoto bado, na msiniulize kila asubuhi. Lakini sanduku nimelirudisha juu ya kabati kwa mikono ile ile iliyolishusha, nikamwomba mkaza mwanangu radhi, na leo namwomba tena mbele yenu wote.

Mzee, tunakushukuru. Fundi mpya anayekuja nimekwisha anza kumtazama; plasta yake naiona fupi. Koti lako tumekufulia uende nalo. Kifungo cha juu safari hii nimekishona mimi, kimekaa kombo kidogo. Kihesabu hivyo hivyo. Nenda ukapumzike kwa afya na heri, na usoni pa watu wako usiwe na cha kufunika.