Lazhar Dhawadi na Glasi ya Pili ya Chai

Baada ya miaka thelathini na minane katika karakana ya mikanda ya kusafirishia madini, Lazhar Dhawadi anastaafu tarehe 30 Juni. Aliingia kiwandani kwetu akiwa na miaka ishirini na miwili. Anaondoka na sitini, goti moja bovu, na masikio ambayo hakuna mashine ya kuoshea fosfeti iliyowahi kuyadanganya.

Kila mtu hapa ameshamwona akiinama, ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini sikioni. "Huyu anaumwa," aliwahi kusema juu ya mashine moja. "Mpeni siku tatu." Siku ya tatu beringi ilivunjika, na waliomcheka wakatafuta pa kuficha nyuso. Siku moja alisikia gari la mkurugenzi likipita uani, akamkimbilia: "Bwana Mkurugenzi, usiende Tunis na hilo." Mkurugenzi alikwenda. Alirudi amekaa kando ya dereva wa lori la kuvuta magari. Mke wa Lazhar, Bi Zohra, anasema mumewe alisinzia katikati ya ngoma za harusi ya binti yao, lakini mkanda ukisimama, kilomita mbili kutoka nyumbani, huamka na kuanza kutafuta viatu.

Kwa mstaafu mwingine, katika gazeti letu hili la wafanyakazi, ningeishia hapa na kuweka picha. Lazhar alinipa sharti. "Andika habari ya Mosbah, au usiandike kitu," aliniambia. "Usinipake rangi kama ukuta wa shule siku ya ugeni."

Basi naandika.

Mosbah Gharsalli alifanya kazi kwenye mikanda yetu miaka kumi na mmoja, akiwa mtu wa kandarasi. Kampuni zilizomleta zilibadilika mara nne. Kila mara alipewa ovaroli ya rangi mpya na mkataba wa miezi sita, lakini mkanda ulikuwa ule ule, na vumbi lile lile. Sisi wa kudumu tulipewa nusu lita ya maziwa kila siku kwa ajili ya vumbi hilo. Wao hawakupewa. Nadhani hata mapafu yao yalihesabiwa kuwa ya kandarasi. Lazhar alimfundisha kazi ya bisibisi, na baada ya miaka miwili akakiri kwamba sikio la mwanafunzi limelipita la mwalimu.

Palikuwa na daftari la hitilafu, ambalo bila maandishi yake mkanda haukusimamishwa, na mtu wa kandarasi hakuruhusiwa kuandika humo. Msiukimbilie uongozi kuulaumu. Kanuni hiyo ilikuwa yetu. Tawi letu la chama cha wafanyakazi ndilo lililoidai, kwa hofu kwamba wakubwa wakiona wale wanaweza kuandika, wataona sisi hatuhitajiki. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Lazhar ulikuwa juu. Wangu pia, na hoja niliiandika mimi.

Asubuhi moja ya Machi, miaka minne iliyopita, tulikuwa watu kumi tumezunguka birika, Mosbah akaja na bisibisi mkononi.

"Ami Lazhar, beringi ya rola kuu, mkanda wa sita, inasaga. Njoo usikilize, uiandike."

"Haya, daktari wa mkataba kafika!" nikasema mimi. "Mpisheni atupime presha."

Wakacheka. Mwingine akamuuliza kama maziwa yake yamefika. Mosbah hakututazama sisi, alimtazama Lazhar. Na Lazhar, aliyelijua sikio lile kwa kuwa alilifundisha mwenyewe, akacheka nasi kidogo, akasema, "Nimalize chai."

Akaimaliza. Akamiminiwa glasi ya pili, akaimaliza nayo. Alikuwa anainuka mhimili wa rola ulipokatika. Mkanda ulichanika mita sitini na kushika moto. Hakuna aliyeumia, kwa sababu Mosbah alikuwa amerudi kuwaondoa watu wake. Kiwanda kilisimama siku tisa.

Kamati ya uchunguzi ikauliza nani alijua. Daftari lilikuwa tupu. Mtu wa mwisho kuonekana pale alikuwa Mosbah, mwenye ovaroli ya njano ya kandarasi. Lazhar akaulizwa kama aliambiwa lolote, akasema hapana. Sisi tisa tukaulizwa, tukasema hapana, tena upesi. Siku hiyo hiyo mlinzi alimvua Mosbah kitambulisho langoni.

Kwa kalamu hii nimewashambulia mawaziri na wenye viwanda miaka ishirini, nikihubiri mshikamano. Siku ulipohitajika kwa sentensi moja tu, sikuwa nao.

Lazhar hakunywa chai nasi tena. Mwaka jana aliingia ghala la kumbukumbu, akalitafuta daftari la mwaka ule, akaukuta mstari mtupu wa siku ile. Akaandika: "Mosbah Gharsalli alinijulisha mapema. Sikwenda. Nilidanganya." Akatia sahihi, akaliweka mezani kwa mkurugenzi na kuomba Mosbah arudishwe. Alituomba sisi tisa tutie sahihi chini ya yake. Wawili walitia siku hiyo. Mimi nilitia baada ya miezi mitano, jibu likiwa limeshatoka: jambo limefungwa, kampuni ile ya kandarasi haipo tena. Medali ya utumishi iliyokuwa iwe ya Lazhar alipewa mwingine.

Aliomba angalau Mosbah aalikwe kwenye sherehe ya kumuaga. Utawala ukajibu kwamba orodha ni ya wafanyakazi na familia zao. "Basi mimi nitakuwa nje," alisema.

Juzi alikwenda kumwalika mwenyewe. Siku hizi Mosbah anatengeneza pampu za kumwagilia mitende, huko kwenye mashamba. Alimkuta ameketi na glasi mkononi. Lazhar akasema yote aliyokuja kuyasema. Mosbah akajibu bila kuinua macho: "Nimalize chai, Ami Lazhar."

Lazhar akaketi chini na goti lake, akasubiri. Glasi ikaisha. Ikamiminwa ya pili, nayo ikaisha. Mosbah akarudi kwenye pampu yake, asiseme atakuja wala hatakuja.

"Ana haki," Lazhar aliniambia aliporudi. "Lakini bado kaniita Ami."

Ami Lazhar, asante kwa miaka thelathini na minane ya kutusikilizia mashine zetu, na kwa sentensi tatu ulizoandika wakati sisi tulikosa ubavu. Tunakuombea afya, goti lisilouma, na mchana wa kulala bila kutafuta viatu. Siku ya sherehe, saa nane mchana, zamu itakapotoka, tutakuwa nje ya lango pamoja nawe. Ovaroli zetu za buluu, za watu wa kudumu, tutaziacha ndani. Tutaweka glasi kumi na moja. Ya kumi na moja, ya Mosbah, ikipoa, tutaimwaga na kumimina nyingine.