Nyuki wa Mke wa Rula

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha viatu, pale njia mbili zinapokutana. Kila asubuhi hukaliwa na wateja wangu wa kudumu, wale wasioleta kiatu hata kimoja, wakinywa kahawa na kuihukumu dunia. Siku hiyo walikuwepo Kinyozi, mwenye duka mlango wa pili, na Karani, aliyestaafu kazi ya mahakamani lakini mpaka leo anataka ushahidi wa kila kitu. Mara akatokea Rula. Rula ni seremala, mtu wa maneno machache na suruali iliyonyooka kwa pasi. Lakini asubuhi ile alikuja na shati limefungwa vishikizo kombo, amebeba ndoo. Akaitua katikati yetu, akafunua kifuniko.

Ilikuwa na nyuki, wamejaa mpaka nusu. Wamekufa, ndimi zimewatoka nje.

— Mungu wangu! Kinyozi aliruka, kahawa yote magotini.

— Hawaumi tena hao, Rula akasema.

— Ni wa shemeji? nikamuuliza.

— Wa nani tena? Nimeamka nikawakuta wametandaa chini kama mchele uliomwagika. Na yeye anarudi kesho.

Tulijua sote. Mkewe alikwenda kwa binti yao aliyejifungua, wiki ya tatu sasa, akamwachia mumewe bustani na mizinga miwili. Miaka kumi na miwili anafuga nyuki wale. Akiwataja husema "wanangu", na hatanii.

— Mimi nawaambia ni ule mnara wa simu, Kinyozi akaanza. Tangu usimame, hata mashine yangu ya kunyolea inatetemeka.

— Mashine yako inatetemeka kwa uzee, Karani akamjibu. Hapa kuna mkono wa mtu. Yule jirani wa ng'ambo ya ukuta si aliwahi kuwalalamikia nyuki?

— Yule? Yule akiona nzi anatoka mbio!

— Basi kakodi mtu.

— Akodi muuaji wa nyuki? Anapatikana wapi huyo?

— Ushahidi utajitokeza tu.

Kinyozi akafikiri, akaja na kubwa zaidi.

— Au wamejimaliza wenyewe. Ukiwa, jamani. Wiki tatu hawajamwona mama yao.

— Kwa hiyo mimi sikuwatosha? Rula akauliza, na hakuna aliyecheka.

Hapo alikuwa amesimama dada mmoja, sijawahi kumwona, mkanda wa kiatu umemkatikia njiani. Alivaa koti la kazi lenye udongo, la watu wa kitalu cha miche. Aliinama, akamwokota nyuki mmoja kwa ncha za vidole, akamtazama.

— Shikamoo, mzee. Bustanini kwako kumepigwa dawa karibuni?

— Marahaba. Nimepiga mwenyewe, jana. Maharage yalijaa vidukari, wadudu weusi tii, shina halionekani. Nikasema mke wangu asirudi akute yameliwa. Lakini mizinga sikuisogelea, binti yangu. Niliipitia mbali kabisa.

— Ilikuwa saa ngapi?

— Saa nne asubuhi.

— Na maharage yalikuwa yamechanua?

— Yote, Rula akasema. Karani akaweka kikombe chini polepole.

— Saa hizo nyuki wako juu ya maua, mzee, yule dada akasema kwa upole. Dawa huwakuta palepale, na wengine huibeba mpaka nyumbani. Vidukari wangetoka kwa maji ya sabuni. Na ikibidi dawa, unasubiri maua yaishe, tena unapiga jioni nyuki wakishaingia ndani.

— Ni mimi, Rula akasema. Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa. Jamani, ni mimi. Nilitaka afurahi.

Nilidhani atatafuta la kusingizia. Mnara tulikwisha kumpa, na jirani pia. Akatoa simu mfukoni, akapiga mbele yetu.

— Mama, nimewaua nyuki wako. Nimepiga dawa kwenye maua. Sikujua.

Kisha tukasikia sauti ya mkewe, ndogo, kutoka ndani ya simu.

— Wote?

— Sijui.

— Nenda mizingani kanisikilizishe.

Niliacha kibanda wazi na viatu vya watu ndani, tukamfuata wote, yule dada akiburuta mguu wake wenye kiatu kilichokatika. Nyuma ya nyumba, maharage yalikuwa yamesimama mazuri, maua meupe tele, hakuna kidukari. Rula alipita pembeni ya mzinga wa kwanza taratibu, akabandika simu kwenye ubao. Hata sisi tuliosimama mbali tuliusikia mvumo, mzito, kama watu wengi wanaongea nyuma ya ukuta.

— Wapo! mkewe akasema, na tukajua analia. Wapo, baba. Haya, niweke kwenye wa pili.

Mlangoni mwa mzinga wa pili nyuki mmoja alikuwa anazunguka palepale, akianguka na kuinuka. Nyuma yake hakutoka mwingine. Kinyozi alivua kofia. Rula alitutazama mmoja mmoja, sisi tuliokuwa na jibu la kila kitu, kisha akabandika simu na kuishikilia kwa mikono miwili.

— Umeshaniweka? mkewe akauliza. Mbona sisikii kitu?