Fundi Naftali na Betri Zisizo na Vifuniko

Baada ya miaka ishirini na tisa katika kituo chetu cha afya, Mzee Naftali Nathan, fundi wetu wa umeme, anastaafu tarehe 30 Juni 2003. Alikuja mwaka 1974 akiwa kijana mwembamba na mbishi. Wembamba umeondoka.

Mwaka 1996 tuliletewa betri mbili mpya za AGM, zile zilizofungwa moja kwa moja na zisizoongezwa maji, ili friji ya chanjo ifanye kazi jenereta inapozimwa. Chaja yake haikuletwa. Sasa, Mzee Naftali ana desturi yake: kila Jumatatu hufungua vifuniko vya betri na kuongeza maji. Hizi akazikagua juu, chini na ubavuni, akatangaza kwamba kiwandani wamesahau vifuniko. Akachukua drili, akatoboa moja matundu sita yaliyonyooka vizuri sana, akajaza maji. Betri ikafa. Kwa haki niseme kwamba aliyeishikilia isihame ni mimi, nesi Yustina.

Ya pili aliiunganisha kwenye chaja yetu kuukuu ya betri za maji. Ikaanza kupata moto kama pasi, akaichomoa haraka. Tukahamishia chanjo za watoto wa hapa kwetu Mtinko kwenye boksi la barafu, na barafu yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu. Siku hiyo Mzee Naftali hakubishana na mtu. Aliketi akasoma maandishi ya betri mpaka mwisho, kazi ambayo siku zote alisema ni ya wasiojua ufundi.

Kesho yake akapanda baiskeli kwenda Singida mjini. Soko huria lilikuwa limepamba moto, na dukani kwa Abdulmajidi chaja zilipangwa hadi darini. Abdulmajidi alimsifia chaja moja ya betri za malori, yenye taa tano, kwamba itajaza betri kabla chai haijapoa. Mzee Naftali akamwambia hicho ndicho anachokiogopa. Alitaka yenye swichi ya AGM, isiyopita volti 14.7, ampea zisizidi moja ya tano ya ukubwa wa betri, na ijipunguze yenyewe betri ikijaa. Akapima moja moja kwa mita yake hadi adhuhuri, wateja wamemzunguka. Akaondoka na ndogo kuliko zote, haina hata taa. Tulipoiona tulikata tamaa kabisa.

Barafu ilikuwa imebaki ya kujaa kikombe. Lakini betri ikajaa bila kupata moto, friji ikawaka, na hakuna chupa hata moja ya chanjo iliyoharibika. Mimi nililia, sifichi.

Chaja ile ingali ukutani, swichi yake imebandikwa plasta ya vidonda asije mjanja akaigeuza. Peniel, anayepokea kazi, ameapishwa mara mbili kutoigusa.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, Mzee alikataa redio. Aliomba betri aliyoitoboa, ambayo miaka saba hii ameifanya kiti cha karakana. Ni yako, Mzee wetu, pamoja na shukrani zetu na za watoto ambao leo wanakuamkia shikamoo barabarani. Tumeifuta vumbi na kuziba matundu yote sita. Kapumzike salama nyumbani Mandewa, na tafadhali, Jumatatu ikifika, usiiongezee maji.