Waliponiambia Watoto Wangu Si Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena. Kaeni, na makofi yawekeni kando kwanza, maana ushuhuda huu una hasira ndani yake, na mchungaji nimemwonya mapema.

Mnanijua. Mimi ni Baba Neema, kinyozi wa kule mtaa wa Point. Mke wangu tulimzika hapa hapa Durban, akaniachia watoto wawili: Neema, wakati ule ana miaka tisa, na Cirhuza, miaka mitano. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wakifukuzwa, mwenye nyumba alitubadilishia kufuli. Alisema yeye hatuchukii, anaogopea madirisha yake. Nikatoka na mashine ya kunyolea, godoro moja na watoto wangu.

Tulilala wiki nzima kwenye baraza ya duka. Halafu nikasikia kwamba mji una nyumba ya kuhifadhi watu wasio na makazi, na ina vyumba vya familia. Nikaenda nikiimba. Nilikuwa na karatasi yangu ya kuomba ukimbizi na karatasi za watoto, zote hazijaisha muda, zote zina muhuri.

Mama mmoja wa ofisi ya pale akazipanga mezani, akasoma, akakunja uso. Mimi naitwa Mugisho. Binti yangu ni Neema Nabintu. Mvulana ni Cirhuza. Majina matatu, familia moja? Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha saluni kwamba kwetu Bukavu, Kongo, mtoto si lazima abebe jina la baba yake. Anapewa jina la mtu. Nabintu ni mama yangu, Cirhuza ni baba yangu. Hakuandika hata neno moja. Akapiga simu kwa mkalimani, akaiweka simu mezani mbele ya Cirhuza, akauliza: "Huyu mwanamume ni nani yako?"

Sasa sikieni. Kwetu, mtoto mwenye jina la baba yangu ni baba yangu. Nikimwamsha asubuhi namwambia, "Papa, amka." Na yeye, kwa mchezo wetu tangu alipoanza kusema, hunijibu, "Nakuja, mwanangu." Siku ile nilikosea. Nilimwona anaogopa, nikataka kumtia moyo, nikamwambia, "Jibu tu, papa." Naye akajibu kwa heshima zote: "Huyu ni mtoto wangu."

Mkalimani akatafsiri hivyo hivyo, akakata simu. Yule mama akaandika, na eish, ndugu zangu, aliandika upesi. Kwamba mtoto amenikana. Kwamba mimi mwenyewe namwita mtoto baba, kwa hiyo akili yangu si nzima, au watoto nimewaokota mahali ili nipate chumba cha familia. Jioni hiyo wanangu wakapelekwa kwenye makao ya watoto, na mimi nikapewa kitanda katika bweni la wanaume.

Kunyimwa nyumba nilikuwa nimekuzoea. Lakini kunyang'anywa watoto na watu waliowekwa pale ili wanipe nyumba! Nilikasirika hata na Mungu, na sitalificha hilo mbele ya madhabahu yake. Nikaja hapa kanisani. Mkaniambia nifunge. Nikafunga siku tatu, na siku ya nne nilikuwa na njaa na watoto sina.

Bwana akanijibu jikoni. Mpishi wa ile nyumba alikuwa Bi Sakina, mama mzee wa mtaa wa Chatsworth, katika wale Wazanzibari ambao serikali ya zamani ya ubaguzi iliwahamishia kule bila kuwauliza. Ndiyo, Mwislamu. Anayetaka kuguna agune sasa, nitamsubiri. Aliona sahani yangu inarudi imejaa, akaniuliza kwa Kiswahili cha bibi zake nimefiwa na nani. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akaona machozi yangu.

"Mimi nina mjukuu ninamwita mama," akasema. "Na sisi serikali ile ilituandika inavyotaka yenyewe. Twende."

Hakuvua hata aproni. Mbele ya yule mama wa ofisi alisema jambo moja: msimwulize mtoto baba yake ni nani, muulizeni kila mmoja peke yake, Cirhuza ni nani. Alikataliwa. Akarudi na swali hilo hilo kesho yake, na kesho kutwa, kila anapopeleka chai, mpaka wakachoka naye.

Watoto wakaulizwa, kila mmoja chumba chake. Neema akasema: "Ni babu, papa wa papa. Alikuwa na mbuzi, na kidole kimoja kilikatika. Ndiyo maana papa anamwita mdogo wangu papa." Cirhuza naye akasema: "Ni mimi. Lakini zamani nilikuwa na mbuzi."

Siku hiyo hiyo nikarudishiwa wanangu, tukapewa chumba chenye mlango, tukakaa humo mpaka nikapata tena pa kunyolea. Utukufu ni kwa Mungu. Yule mama hakusema samahani. Alisema utaratibu ndivyo ulivyo. Siku kumi na moja za utaratibu, ndugu zangu. Na Cirhuza, tangu arudi, hajaniita tena mwanangu. Nikimwamsha anavaa viatu tu. Aliamini neno lake ndilo lililotutenganisha, na mpaka leo hilo ninaliombea.

Basi mwaminini Mungu, anatoa watu shimoni, mimi ni shahidi. Lakini yule baba aliyekaa benchi la mwisho na mabinti wake wawili ametoka kwenye ofisi ile ile juzi, na hana pa kulala. Msimwambie afunge. Chumba kilicho nyuma ya kanisa letu kimejaa viti vibovu, na mimi leo nimekuja na nguo za kazi. Tukisema amina, kila anayemwamini Mungu abebe kiti kimoja.