Sahani ya Pili

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha Kigongo pale Mzee Kahigwa, aliyepunguzwa kazini juzijuzi na kufiwa na mkewe muda si mrefu uliopita, alipochungulia kitabu cha Justa, binti wa kidato cha nne aliyekaa naye benchi moja. "Shikamoo babu." "Marahaba. Kinasema nini?"

"Mzee kafiwa na mkewe, lakini kila jioni anaandaa sahani mbili. Mwalimu anasema ya pili ni ishara ya umaskini."

"Umaskini! Mtu ana sahani mbili?"

Justa akacheka. "Utanifelisha, babu. Dhamira ni ugumu wa maisha, mbinu ni takriri. Ndivyo tulivyokariri."

"Huyo hana njaa, mjukuu wangu. Siku akiandaa moja, ndiyo atakuwa amemzika."

Binti akazungusha kalamu mkononi. "Maneno mazuri, ila hayana maksi."

"Basi andika ya mwalimu." Kahigwa akageukia ziwa. Wiki nzima hakuwa ameongea na mtu zaidi ya salamu, na sasa Busisi ilikuwa inakaribia upesi mno.

"Kwani wewe babu ulikisoma lini?"

"Sijakisoma," alisema, na kivuko kikagota ufukweni.